Chopin na Fumbo la Nukta Mbili

Wengi wenu, ndugu wasomaji, mmekwisha kuusikia muziki wa maziko wa Frédéric Chopin bila kulijua jina la mwenyewe. Hapa Isiolo, mji wa vyuo vya kijeshi, sauti ya tarumbeta si ngeni masikioni, na bendi ndizo zilizoueneza muziki huo duniani. Ulipigwa alipozikwa Stalin mwaka 1953, na Rais Kennedy mwaka 1963. Lakini Chopin hakuitungia bendi. Ni sehemu ya tatu ya sonata ya piano, utungo mrefu wenye sehemu nne.

Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw, nchini Poland. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake Mpolandi. Novemba 1830, kijana wa miaka ishirini, aliiaga Warsaw akatafute jina ng'ambo. Wiki chache baadaye Wapolandi waliuasi utawala wa Warusi. Uasi ukazimwa mwaka uliofuata, naye hakuiona tena nchi yake. Katika mji wetu, ambako familia nyingi zilitawanywa na vita vya Shifta kati ya 1963 na 1967, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Alifanya maskani Paris, akiishi kwa kufundisha piano watoto wa matajiri. Mbele ya umati alipiga mara chache mno. Majira ya joto alikaa Nohant, nyumbani kwa mwandishi wa kike George Sand, na huko ndiko alikoimaliza sonata hiyo mwaka 1839. Muziki wa maziko alikuwa ameutunga kabla.

Siku zile haki ya mtunzi haikuvuka mpaka wa nchi. Ili asiibiwe, Chopin aliuza kazi moja kwa wachapishaji wa Paris, Leipzig na London kwa wakati mmoja. Sonata ikatoka mwaka 1840, na hapo ndipo matata yalipoanza. Inafunguka kwa mlango mfupi, mzito, wa polepole, kisha muziki unakwenda mbio. Mpigaji akifika mahali fulani huamriwa kurudia. Arudi wapi? Chapa ya Leipzig iliweka nukta mbili baada ya mlango ule: arudi penye mbio. Chapa za Paris na London hazina nukta hizo: arudi mwanzo kabisa. Nukta mbili tu, na sehemu nzima inabadilika sura! Naye mtunzi alizoea kuongeza masahihisho kwa penseli katika vitabu vya wanafunzi wake, leo hivi, kesho vile.

Alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, na muziki wake wa maziko ukapigwa katika maziko yake mwenyewe. Dada yake Ludwika aliupeleka moyo wake Warsaw, ambako umo ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Alikuwa ameagiza miswada ambayo haijachapishwa ichomwe moto. Rafiki yake Julian Fontana, kwa idhini ya jamaa, aliichapa mwaka 1855. Alivunja wasia, ndiyo, lakini mimi siwezi kumlaumu. Moto wenyewe ulikuja mwaka 1863, askari wa Kirusi walipoitupa piano yake dirishani mjini Warsaw na barua zake zikateketea. Nasi tunakumbuka tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840: zingalipotea lau Mwalimu Sikujua na padri Taylor wasingalizikusanya. Diwani ilichapwa mwaka 1940.

Mpolandi Jan Ekier alianza mwaka 1959 kulinganisha chapa, miswada na penseli zile, ili atoe toleo la kuaminika la kazi zote za Chopin. Lilikamilika mwaka 2010, naye akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 100. Mwanamuziki Charles Rosen wa Marekani alishikilia kwamba nukta za Leipzig ni kosa la mchapaji. Wapiga piano wengine hurudi mwanzo, wengine huanzia penye mbio.