Sidi Mubarak Bombay: ramani ilikuwa kichwani

Shuleni nilifundishwa kwamba Speke ndiye aliyegundua Ziwa Victoria mwaka 1858. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapewa maksi. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba ubavuni mwa Speke siku ile alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, wala kwamba Mzungu huyo hakujua Kiswahili, wawili hao wakizungumza Kihindi.

Kihindi hicho Bombay alikipata kwa machungu. Alizaliwa Myao karibu mwaka 1820, upande wa mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akauzwa Kilwa, akavushwa bahari hadi Gujarat. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Unguja na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta kwenye ngome ya Chogwe karibu na Pangani, wakamchukua.

Siku hizo ramani za Ulaya zilikuwa tupu kwa upande wa bara. Msafara ulikwenda kwa kuuliza: maji yako wapi, chifu wa mbele ataka hongo kiasi gani, nani ana vita na nani. Kirangozi alitangulia, wapagazi wakafuata. Bombay alikuwa mkalimani, na baadaye akawa mkuu wa msafara.

Alifika Ziwa Tanganyika na Burton na Speke. Kati ya 1860 na 1863 alitoka Pwani na Speke na Grant hadi Misri, wakiufuata mto Nile. Mwaka 1871 alikwenda na Stanley hadi Ujiji kumtafuta Livingstone. Kuanzia 1873 alisafiri na Cameron, wakatokea bahari ya Atlantiki, Angola, mwaka 1875. Sehemu kubwa ya safari hizo ni kwa miguu.

Si kwamba aliheshimiwa wakati wote. Safarini Speke aliwahi kumpiga ngumi za kichwa mbele ya wenzake. Hata hivyo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na baadaye kikamwekea pensheni.

Alifariki mwaka 1885, mwaka ambao mataifa ya Ulaya yalimaliza mkutano wao wa Berlin. Njia alizowaonyesha wageni ndizo zilizotumiwa na waliokuja kututawala. Jambo hilo hunikera, wala sitaki kulificha. Lakini simlaumu mtu aliyeibwa utotoni, kisha akatafuta riziki kwa alichokijua.

Ninachowaomba walimu wetu ni kidogo. Mkitaja Speke, Stanley na Cameron darasani, mtajeni na Bombay. Watoto wajue nani aliyekuwa akiuliza njia.