Harry Thuku na Kipande

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kiambu, nchini Kenya. Wakati huo mji wa Nairobi haukuwapo. Reli ilifika hapo kutoka Mombasa mwaka 1899, na mji ukaanza kujengwa. Kwa hiyo Thuku na Nairobi walikua pamoja.

Alisoma miaka michache katika shule ya misheni ya Kambui. Mwaka 1911 alikwenda Nairobi kutafuta kazi. Alipata kazi ya tarishi katika benki, lakini hakudumu. Alishtakiwa kwa kughushi hundi, akafungwa miaka miwili. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ni kweli. Mtu huyu hakuwa malaika.

Alipotoka gerezani alipata kazi katika mtambo wa kuchapa gazeti la masetla. Masetla walikuwa wazungu waliokuja Kenya kuchukua ardhi na kulima mashamba makubwa. Siku hizo gazeti lilichapwa kwa herufi za risasi. Mpangaji aliziokota moja moja na kuzipanga mpaka neno likamilike, kisha mstari, kisha ukurasa. Nadhani kazi hii ilimfundisha Thuku kuliko shule. Gazeti lile liliandikwa na wazungu kwa ajili ya wazungu. Humo masetla walilalamika kwamba hawapati vibarua wa kutosha. Walitaka serikali iwasukume Waafrika mashambani. Waafrika wengi hawakujua kwamba maneno hayo yanasemwa juu yao. Thuku alijua, maana aliyapanga kwa vidole vyake.

Mwaka 1918 aliajiriwa na serikali, katika Hazina, mjini Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Ilikuwa kazi safi yenye mshahara wa kila mwezi. Vijana wengi waliitamani.

Kipande

Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha. Waafrika wengi sana wa Kenya na Tanganyika walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Jeshi hilo la wapagazi ndilo lililoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na Kariokor mjini Nairobi. Maelfu walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Waliorudi walitumaini kupata shukrani.

Serikali iliwapa ardhi askari wa kizungu waliotoka vitani. Waafrika walipewa kipande.

Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi aliandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole. Alipewa karatasi yenye jina lake, kabila lake na habari za kazi yake. Karatasi ilitiwa katika kikopo cha bati, na wengi walikifunga kwa kamba wakakivaa shingoni. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika nao walijua neno kipande. Lakini chao kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Kipande cha Kenya kilikuwa kitu kingine.

Tazama jinsi kilivyofanya kazi. Mtu alipoajiriwa, mwajiri aliandika katika kipande siku aliyoanza na mshahara wake. Alipoacha kazi, mwajiri alitia sahihi kuonyesha kwamba amemruhusu kuondoka. Bila sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa kwingine. Kama mwajiri alimpiga, au alimpunja mshahara, kibarua hakuweza kufunga mzigo wake na kwenda zake. Akiondoka bila sahihi alikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi walimtafuta kwa alama za vidole, wakampata, wakampeleka mahakamani. Hata barabarani polisi aliweza kumsimamisha mtu yeyote na kumtaka aonyeshe kipande chake.

Kuna jambo jingine. Vibarua wengi hawakujua kusoma. Mtu alivaa shingoni habari zake mwenyewe, na wengine wakazisoma.

Pamoja na kipande kulikuwa na kodi. Mwaka 1920 kodi ilipandishwa ikafika shilingi 16. Vibarua wengi wa mashambani hawakupata fedha hizo kwa mwezi mzima. Kodi ilitakiwa fedha taslimu, na kwa wengi fedha taslimu zilipatikana kwa mzungu. Hivyo ndivyo watu walivyosukumwa mashambani.

Wanawake nao hawakuachwa. Machifu walituma watu wao vijijini kuwakusanya wasichana wakachume kahawa ya masetla. Walikwenda bila kupenda. Baadhi yao walinajisiwa huko mashambani. Wazazi walilia, lakini hawakuwa na pa kushtaki, kwa sababu chifu aliyepaswa kuwasikiliza ndiye aliyewatoa watoto wao.

Mshahara unapunguzwa

Mwaka 1921 bei ya mazao ilianguka duniani. Masetla walikuwa na madeni benki. Walikutana, wakakata shauri kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Maana yake ni hii: aliyepata shilingi 9 sasa apate 6. Kodi haikupungua.

Wakulima wale walipopata faida hawakuwaita vibarua wagawane. Walipopata hasara waliwakumbuka.

Watu wa Nairobi walikasirika. Thuku na wenzake waliunda chama katika mwezi wa Juni 1921. Kwanza kilikuwa chama cha vijana wa Kikuyu. Lakini Nairobi ulikuwa mji wa makabila mengi. Waliofanya kazi ofisini, jikoni na relini walitoka pande zote, na mshahara uliokatwa haukuuliza kabila. Kwa hiyo mwezi wa Julai jina lilibadilishwa, kikawa Chama cha Afrika Mashariki. Waislamu na Wakristo walikuwamo. Mhindi mmoja, M. A. Desai, mwenye kuhariri gazeti, aliwasaidia. Thuku alipeleka simu ya maandishi moja kwa moja London, kwa serikali ya Uingereza. Humo walilalamikia kipande, kodi, mishahara na wasichana kulazimishwa kazi.

Machifu walichukia. Waliona kijana karani amewaruka. Serikali nayo ilichukia zaidi, maana kijana huyo alikuwa mtumishi wake. Ilimtaka achague: siasa au kazi. Ndugu msomaji, usilipite jambo hili haraka. Thuku hakuwa kibarua wa shamba. Mshahara wake ulitosha. Angenyamaza angezeeka karani mwenye heshima, na nadhani hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua kuacha kazi.

Sasa alikuwa na wakati wa kutosha. Alizunguka vijijini akihutubia mikutano mikubwa. Aliwaambia watu wasikubali kulazimishwa kazi bila malipo. Aliwaambia pia wavikusanye vipande vyao, wavirudishe kwa serikali iliyowapa. Wanawake walimpenda sana kwa sababu aliwatetea mabinti zao hadharani. Walimtungia nyimbo na kumsifu.

Tarehe 16 Machi 1922

Jioni ya tarehe 14 Machi 1922 polisi walimkamata Thuku, wakamtia rumande Nairobi. Kesho yake wafanyakazi wengi waliacha kazi. Jikoni hakukuwa na mpishi, na ofisini hakukuwa na tarishi. Watu walikwenda kukusanyika nje ya kituo cha polisi. Walisali, kisha jioni wakatawanyika kwa amani.

Tarehe 16 walirudi, na sasa walikuwa maelfu. Wengine walitoka vijijini kwa miguu. Hawakuwa na bunduki. Walitaka Thuku atolewe. Wajumbe wao waliitwa kuonana na mkubwa wa serikali. Aliwaambia kwamba Thuku hatatolewa, na kwamba watu warudi makwao. Wajumbe walirudi wakawaeleza watu hivyo, na baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Hapo wanawake walipandwa na hasira. Mmoja wao, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama mbele ya umati. Alipandisha nguo yake juu mbele ya wanaume. Aliwaambia wachukue vazi lake, wao wampe suruali zao, kwa kuwa wameshindwa kuwa wanaume. Kwa mila za Wagikuyu hilo ni tusi zito kupita yote. Mtu mzima akifanyiwa hivyo na mwanamke hawezi kwenda nyumbani akalala. Wanawake wengine walipiga vigelegele. Umati ukasonga mbele kuelekea lango la kituo.

Askari walifyatua risasi. Mary Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Karibu na hapo palikuwa na hoteli ya wazungu, Norfolk Hotel. Watu waliokuwapo walisema kwamba wazungu waliokuwa barazani pa hoteli nao walipiga risasi, wakawapata watu migongoni walipokuwa wakikimbia. Serikali ilihesabu maiti 21. Waafrika waliosimulia habari hizo walitaja idadi kubwa zaidi.

Thuku aliisikia milio hiyo akiwa ndani. Hakufikishwa mahakamani. Hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Alipelekwa Kismayu, mbali na watu wake, mahali ambapo siku hizi ni nchi ya Somalia. Baadaye alihamishwa, na mwisho aliwekwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Alikaa kifungoni karibu miaka tisa.

Mwaka ule ule wa 1922 kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Kipande hakikuondolewa. Waafrika wa Kenya walikivaa mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Baadaye

Thuku aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930. Watu walimpokea kwa shangwe, na mwaka 1932 wakamchagua kuwa rais wa chama kikubwa cha Wagikuyu. Lakini hakuwa mtu yule yule. Aligombana na wenzake, na mwaka 1935 akaunda chama chake kilichoahidi kuitii serikali. Vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, aliwapinga wapiganaji hadharani. Wengi waliomwimbia mwaka 1922, au watoto wao, hawakumsamehe. Wengine husema miaka tisa jangwani ilimvunja. Wengine husema alikuwa mtu wa sheria tangu mwanzo, asiyependa damu, na kwamba alizikumbuka maiti za mwaka 1922 kila siku. Mimi nadhani wote wana sehemu ya kweli.

Kazi ya kudai haki za wafanyakazi ilichukuliwa na wengine. Makuli wa bandari ya Mombasa waligoma mwaka 1939, na mwaka 1947 Mombasa nzima iligoma. Mwaka 1950 Nairobi iligoma, baada ya viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Kama mwaka 1922, watu waliacha kazi kwa sababu ya viongozi waliotiwa ndani.

Thuku alikuwa mkulima huko Kambui. Serikali ya kikoloni ilipowaruhusu Wagikuyu kulima kahawa, aliilima vizuri. Akaingia katika halmashauri ya chama kikubwa cha wakulima wa kahawa nchini, akaketi na watu wa aina ile ile waliokata shauri mwaka 1921 kupunguza mishahara ya vibarua. Alifariki tarehe 14 Juni 1970.

Barabara inayopita mbele ya Norfolk Hotel, karibu na kituo cha polisi ambako watu walipigwa risasi, inaitwa Barabara ya Harry Thuku.