Bildad Kaggia: Mbunge aliyerudishwa debeni na sheria ya haraka, kisha Kandara ikamkataa

Siku hizi mbunge wa Kenya akihama chama kilichompeleka Bungeni, anajua kiti chake kitatangazwa wazi na uchaguzi mdogo utaitishwa. Wengi wetu tunaiona kama kawaida tu. Lakini sheria hiyo ilizaliwa Aprili 1966, kwa haraka ajabu, na mmoja wa watu wa kwanza kuangukiwa nayo alikuwa Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara kule Murang'a.

Kaggia hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alizaliwa mapema miaka ya 1920, akasoma shule za misheni, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza akajiunga na jeshi la Waingereza kama karani. Vita vilimfikisha Mashariki ya Kati, kisha Uingereza kwenyewe. Alirudi nyumbani akiwa na maswali mengi kuhusu serikali ya wakoloni, na hata kuhusu kanisa lao. Akaanzisha kundi lake la dini lisilo na mkono wa wamishonari, watu wakaliita Dini ya Kaggia. Baadaye akaingia vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi na chama cha KAU.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Yeye, Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walishtakiwa Kapenguria kwamba ndio waliokuwa wakiongoza Mau Mau. Kaggia alihukumiwa miaka 7 ya kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, jangwani Turkana. Kenyatta alikuwa huko huko, akifanya kazi ya upishi kwa sababu ya umri wake. Walikula sufuria moja, ingawa hawakuelewana sana hata wakiwa ndani.

Aliachiliwa mwaka 1961. Uchaguzi wa 1963 ukampeleka Bungeni kama mbunge wa Kandara kwa tiketi ya KANU, na Kenyatta akampa cheo cha katibu wa Bunge katika Wizara ya Elimu. Cheo hicho tungekiita leo naibu waziri.

Hapo ndipo mambo yalianza kuharibika, na chanzo chake ni ardhi.

Serikali ilikuwa inanunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika kwa mkopo. Kaggia akauliza mtu aliyetoka kizuizini mikono mitupu, shamba lake likiwa limeshachukuliwa na wengine, atalipa mkopo huo na nini. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na waliopigana msituni wakumbukwe kwanza. Aliyasema haya Bungeni na nje ya Bunge, akiwa bado ndani ya serikali. Kenyatta alimwandikia barua akimtaka achague moja: asimame na serikali au aondoke. Kaggia hakukubali kunyamaza. Kufikia Juni 1964 hakuwa na cheo tena.

Halafu kukaja ule mkutano wa Aprili 1965 huko Murang'a, ambao wazee bado wanausimulia. Kenyatta, mbele ya umati, Kaggia mwenyewe akiwepo, aliwataja waliofungwa pamoja naye mmoja mmoja. Ngei alikuwa na kahawa yake. Kubai alikuwa na nyumba kubwa na shamba. Karumba alikuwa na mabasi barabarani. Kisha akamgeukia Kaggia na kumtaka aeleze yeye amejifanyia nini. Yaani umaskini wa mtu huyu, ambaye angeweza kujichotea kama wenzake, ukageuzwa kuwa kosa lake hadharani. Kwa maoni yangu, uchaguzi wa Kandara ulianzia siku hiyo, mwaka mzima kabla ya kura.

Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU mjini Limuru, nafasi ya makamu wa rais wa chama iligawanywa mara nane, moja kwa kila mkoa na moja kwa Nairobi. Lengo lilikuwa kumpunguza nguvu Jaramogi Oginga Odinga. Kaggia aligombea ya Mkoa wa Kati, na kura ya kwanza alimshinda James Gichuru. Ajabu ni kwamba kura ilirudiwa, na safari hii Gichuru ndiye akatangazwa mshindi.

Basi Aprili, Odinga akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kuongoza chama kipya, Kenya People's Union, yaani KPU. Kaggia akawa naibu wake. Wabunge na maseneta kadhaa wakawafuata.

Wakati huo hakukuwa na sheria ya kumpokonya mbunge kiti kwa kuhama chama. Serikali ikaitengeneza. Siku chache tu baada ya watu kuhama, Bunge lilipitisha marekebisho ya katiba: aliyeacha chama kilichomchagulisha lazima arudi kwa wapiga kura. Wapo waliotishika wakataka kurudi KANU, lakini walikuwa wamechelewa. Viti 29 vikabaki wazi kwa mpigo, 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. Kwa wingi huo, watu wakauita Uchaguzi Mkuu Mdogo.

Kampeni haikuwa ya usawa. KPU ilikuwa changa, haina pesa, na mikutano ya hadhara ilihitaji leseni kutoka kwa maafisa wa utawala ambao bosi wao ni yule yule Kenyatta. Mawaziri na maafisa walizunguka kuipigia debe KANU. Katika Mkoa wa Kati, KPU ilipakwa rangi ya chama cha Waluo, na kumfuata Kaggia kukaonekana kama kumsaliti Kenyatta.

Lakini si haki kusema ni vitisho tu vilivyomwangusha. Kandara ilikuwa na watu waliokuwa wameshapata hati za mashamba yao. Ukimwambia mtu kama huyo kuhusu kugawa ardhi upya, anashika hati yake vizuri zaidi. Na wale wasio na kitu, aliokuwa akiwatetea Kaggia, walikuwa na sababu nzuri ya kutotaka kukosana na serikali iliyokuwa ikigawa mashamba.

Juni 1966 kura zikapigwa. Jogoo wa KANU dhidi ya fahali wa KPU. Taddeo Mwaura wa KANU akamshinda Kaggia kwa mbali sana. Oneko naye akaanguka Nakuru. Odinga alishinda nyumbani Bondo, na KPU ikaambulia viti 9 tu kati ya 29, vingi vya Nyanza. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba ukijumlisha kura zote nchini, KPU ndiyo iliyopata nyingi.

Kaggia aliendelea na chama hata bila kiti. Mwaka 1968 alifungwa kwa kufanya mkutano bila leseni huko Nyanza Kusini. Mwaka mmoja, ambao rufaa iliupunguza hadi miezi 6. Serikali huru ikamfunga kama ile ya mkoloni. Mwaka 1969 alirudi KANU, akapewa uenyekiti wa bodi ya pamba, baadaye bodi ya mahindi. Wapo waliomlaumu kwa kurudi. Mwaka huo huo KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini, kwa hiyo chama cha kubaki nacho hakikuwepo tena.

Hakurudi tena Bungeni. Mwaka 1975 alichapisha kitabu cha maisha yake, Roots of Freedom, kisha akatulia Kandara, kati ya watu wale wale waliomnyima kura. Alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na wanakijiji walimletea debe zao hapo kama kwa mtu mwingine yeyote. Alifariki Machi 2005.