Denis Burkitt: Daktari aliyevuka mipaka akifuata ugonjwa wa watoto

Mwishoni mwa mwaka 1961, gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250 lilitoka Kampala kuelekea kusini. Ndani yake walikuwamo madaktari watatu: Denis Burkitt, Ted Williams na Cliff Nelson. Hawakubeba bidhaa. Walibeba picha za watoto waliovimba taya, na katika kila hospitali waliuliza kama ugonjwa ule umewahi kuonekana pale. Walisafiri wiki kumi, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Safari nzima ilikuwa maili 10,000 hivi, yaani kilomita 16,000.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili vikamleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alipata kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, na baadaye akahamia Kampala katika Hospitali ya Mulago, mahali walipofundishwa madaktari wa Makerere.

Mwaka 1957 mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo, na tumboni alikuwa na uvimbe mwingine. Aliporudi Mulago alifungua mafaili ya zamani, akakuta watoto wengi wa aina hiyo. Kila mmoja alikuwa ameandikiwa ugonjwa wake, kana kwamba hawakuhusiana. Burkitt aliona ni ugonjwa mmoja, akauandika katika jarida la upasuaji la Uingereza mwaka 1958. Wataalamu wa maabara ya Makerere, akiwamo Mmarekani Gregory O'Conor, walithibitisha kuwa ni saratani ya tezi.

Swali lililofuata lilikuwa la eneo. Je, ugonjwa uko wapi, na wapi haupo? Burkitt alipata msaada mdogo wa pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha na kuzituma kwenye hospitali nyingi za Afrika. Majibu yaliporudi aliyatia kwenye ramani, na ramani ikaonyesha ukanda mpana unaokatiza katikati ya bara. Safari ya mwaka 1961 ilikuwa ya kwenda kutafuta ukingo wa ukanda huo upande wa kusini. Iligundulika kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua, na karibu na ikweta hauonekani sana katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500. Ramani hiyo ilifanana na ile ya malaria, na watafiti waliofuata waliuhusisha ugonjwa na malaria inayompata mtoto mara kwa mara.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wawili hao wakapatana: Kampala itume vipande vya uvimbe kwa ndege, London ivichunguze kwa darubini ya elektroni. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu kutua London, ikaenda Manchester. Mzigo ulipofika ukiwa umechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka kiasi kwamba ungeweza kudhaniwa umeoza. Epstein aliyatazama kwanza, akaona chembe hai zikielea. Chembe hizo zilioteshwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kipya ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mulago nayo ilipata faida. Haikuwa na mashine za mionzi, na kisu peke yake hakikutosha. Burkitt alipokea dawa mpya za saratani pamoja na ushauri wa watafiti wa Marekani, akazijaribu, na watoto kadhaa waliokuwa wakisubiri kifo wakapona. Mwaka 1967, baada ya yeye kuondoka Uganda, Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani zilifungua kituo cha matibabu Mulago. Wageni walipoondoka enzi za Idi Amin, Charles Olweny na wenzake Waganda walikiendeleza. Leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeiteua kuwa kituo chake cha umahiri wa saratani.

Burkitt alifariki Uingereza Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82. Ugonjwa una jina lake, kirusi kina majina ya Epstein na Barr. Watoto waliotoa vipande vya miili yao hawamo katika majina hayo, na hilo ni deni. Deni hilo hulipwa pale tu mtoto wa leo anapotibiwa.

Mzazi wa Busia, Mutukula au Gatuna ana haki ya kulidai. Uvimbe huu hukua haraka sana, pengine ukianza kwa meno ya mtoto kulegea au tumbo kujaa. Ukiwahiwa, hutibika kwa dawa. Anayengoja mwezi upite ndiye anayepoteza.