Semei Kakungulu: Mtoza kodi wa Bukedi aliyekosa hati

UKIVUKA mpaka wa Malaba na lori lako, ukaipita Tororo na mwamba wake, kisha ukashika njia ya kaskazini kuelekea Mbale, unapita katika nchi ambayo zaidi ya miaka 120 iliyopita ilifundishwa kulipa kodi na mtu mmoja. Hakuwa Mwingereza wala hakuwa mwenyeji wa huko. Alikuwa Semei Kakungulu, jemadari aliyetokea Buganda, na jina lake bado huwagawanya wazee wa eneo hili: wapo wanaomwita mjenzi na wapo wanaomwita mporaji.

Wafanyabiashara wengi wa Busia wanalijua jina lake kwa sababu ya Mbale tu, au kwa sababu ya Wayahudi weusi wa kule mlimani. Habari zake za kodi hazisimuliwi sana, ingawa ndizo zinazowagusa zaidi watu wanaoishi kwa stakabadhi na mihuri.

Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869 katika ufalme mdogo wa Kooki, kusini-magharibi mwa Buganda. Alifika kijana katika makao ya Kabaka Mwanga, akajulikana kwa kuwinda tembo, na katika siku hizo mwindaji wa tembo alikuwa mtu wa kuangaliwa. Pembe zilinunua bunduki, bunduki zikaleta wafuasi, na wafuasi wakaleta cheo. Vita vya dini vilipozuka Buganda mwaka 1888, yeye alikuwa upande wa Waprotestanti, na vilipotulia alikuwa miongoni mwa makamanda wakubwa wa nchi. Alioa hata binti wa ukoo wa kifalme.

Juu yake, hata hivyo, alikuwepo Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, Mprotestanti mwenzake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu aliondoka Mengo katikati ya miaka ya 1890 na kuhamia Bugerere, kwenye ukingo wa mashariki wa Buganda. Kuanzia hapo macho yake yakawa ng'ambo ya mto Nile na ziwa Kyoga.

Mwezi Aprili 1899 alishiriki na majeshi ya Waingereza katika kuwakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Kwa Waingereza hilo lilikuwa jambo kubwa, maana wafalme hao wawili walikuwa wamewasumbua kwa miaka. Kakungulu alihesabu kwamba sasa anadai. Aliendelea mashariki na watu wake, akajenga ngome moja baada ya nyingine katika nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi, jina la dharau kwa watu wasiovaa nguo. Jina hilo limebaki hadi leo, na Tororo na Busia ya Uganda zimo ndani yake.

Ndipo fedha zikaingia katika hadithi hii. Desemba 1899 Sir Harry Johnston aliwasili Uganda kama kamishna maalumu, na kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza gharama. Himaya ya Uganda ilikuwa inakula fedha za hazina ya Uingereza, na reli kutoka Mombasa ilikuwa bado inajengwa kwa mkopo mkubwa. Mkataba wa Buganda wa Machi 1900 ukaweka kodi ya rupia 3 kwa kila kibanda kwa mwaka, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Rupia hizo zilikuwa za India, zile zile zilizotumika Bombay, kwa kuwa ndizo zilizokuwa fedha ya pwani na ndizo walizolipwa mafundi wa reli. Rupia 3 zilikuwa sawa na shilingi 4 za Kiingereza.

Bukedi haikuwa ndani ya mkataba ule. Lakini Johnston aliona pale yupo mtu mwenye jeshi lake mwenyewe, ngome zake na hamu ya kutawala, ambaye angeifanyia serikali kazi bila serikali kumgharamia sana. Akampa idhini ya kuisimamia Bukedi kwa niaba ya Himaya na kukusanya kodi. Kwa lugha ya biashara, serikali ilimpa Kakungulu kazi ya wakala, na wakala akaenda sokoni na mtaji wake mwenyewe.

Tatizo la kwanza ni kwamba Bukedi haikuwa na rupia. Watu walikuwa na ng'ombe, mbuzi, majembe, mtama na kauri. Kwa hiyo kodi ilitolewa kwa kile kilichokuwepo, na mkusanyaji ndiye aliyeamua mbuzi mmoja ana thamani ya rupia ngapi. Msomaji yeyote aliyewahi kukadiriwa thamani ya mzigo wake mpakani anaelewa nguvu ya mtu mwenye kalamu ya makadirio. Pale Bukedi mwenye makadirio alikuwa pia na bunduki.

Tatizo la pili lilikuwa la kodi yenyewe. Ukitoza kibanda badala ya mtu au kipato, tajiri mwenye ng'ombe mia na mjane mwenye kuku watatu wanalipa sawa. Na watu nao si wajinga: walijibana wengi katika nyumba moja ili kupunguza hesabu. Ndiyo maana baadaye serikali ilihamia kodi ya kichwa.

Tatizo la tatu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kabla serikali haijaweka maofisa na daftari zake huko, mtu aliyetoa mbuzi wake hakuwa na kitu cha kumwonyesha mkusanyaji mwingine atakayekuja baada ya mwezi. Bila stakabadhi, kodi na uporaji havina tofauti machoni pa anayetoa. Vyote viwili huja na watu wenye silaha, na vyote viwili huondoka na mifugo. Huko India, ilikotoka rupia, kodi ya mapato ilikuwa imeanza mwaka 1860, na kwa miaka mingi fomu ya kuilipia, inayoitwa chalani, ilipigwa mhuri wa benki wenye namba ya tawi, tarehe na namba ya mfululizo, kisha kipande kikarudi kwa mlipaji. Mlipaji alilindwa na kipande kile, si na fomu aliyoijaza. Hata leo hapa Busia, pande zote mbili, karatasi yenye namba ya malipo unayoitoa kwenye mtandao wa mamlaka ya mapato inaonyesha unachodaiwa tu. Mpaka benki au simu ithibitishe kwamba fedha zimepokewa, hujalipa, na dereva anayefika getini na karatasi hiyo peke yake atalala hapo.

Tumrudie Kakungulu. Malalamiko kuhusu watu wake yalianza kufika kwa maofisa wa Kiingereza: mifugo iliyotwaliwa, vijiji vilivyoshambuliwa, mawakala waliojifanya wafalme wadogo. Upande wa Tororo, Wajopadhola waliwapinga Waganda hao vikali, na hadi leo hujivunia kwamba hawakuwahi kuinamishwa nao. Lakini haki isemwe: serikali ilitaka kodi, ikataka ikusanywe kwa gharama ndogo, na haikumpa mkusanyaji wake mshahara wa kumtosha yeye na jeshi lake. Ilijua watu wake wangekula wapi.

Pamoja na hayo kulikuwa na suala la cheo. Kakungulu aliamini kwamba Johnston alimwahidi kumfanya Kabaka wa Bukedi, na wafuasi wake walimchukulia hivyo. Johnston aliondoka Uganda mwaka 1901. Waliobaki hawakuitambua ahadi hiyo, na hakukuwa na hati yoyote ya serikali iliyompa cheo hicho. Mtu aliyekuwa akidai kodi kwa jina la serikali akajikuta anaidai serikali yenyewe, mikono mitupu.

Mwanzoni mwa 1902 afisa wa Kiingereza alitumwa Budaka, makao makuu ya Kakungulu, mji ambao leo wenye malori wanaoifuata barabara ya Tirinyi huupita kabla ya Mbale. Kakungulu aliondolewa. Alipewa maili 20 za mraba za ardhi karibu na mlima Masaba, na akahamia huko na wafuasi wake. Safari hii kulikuwa na hati, ingawa, kama tutakavyoona, ugomvi juu ya ardhi ile haukumalizika upesi.

Wakati huo huo jambo lingine lilikuwa likiamuliwa mbali kabisa na Budaka. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hadi siku hiyo Mumias, Kisumu na nchi yote hadi Naivasha zilikuwa Uganda. Hata reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilifika Uganda. Uhamisho huo ndio uliozaa mpaka huu tunaoutegemea kwa riziki. Wateso na Wasamia wakajikuta ndugu wa damu wenye watoza kodi wawili tofauti.

Kule mlimani Kakungulu alifanya kile ambacho hata maadui zake wanakikubali. Alijenga mji. Mbale ilikuwa pori, na katika muda mfupi ikawa na njia pana, mashamba ya migomba na soko. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakamfuata. Kufuata huko kulikuwa na hesabu yake: aliyetakiwa kulipa kodi kwa rupia alihitaji mtu wa kumuuzia rupia, na mwenye rupia alikuwa mwenye duka. Ukiuza ngozi au mbuzi unapata fedha ya kodi, inayobaki unanunua chumvi na kitambaa. Nyumba kubwa kama ile ya Allidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyefariki 1916, zilieneza maduka Uganda nzima kwa mzunguko huo huo. Pamba ilipoingia baada ya 1903, Bukedi na Teso zikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa, na kodi ndiyo iliyomsukuma mkulima wa kwanza shambani zaidi ya bei. Pamba ilivuka ziwa hadi Kisumu na kupanda treni. Hiyo ndiyo biashara ya mizigo ya mpakani katika utoto wake.

Serikali ilimwona tena kuwa ana manufaa. Mwaka 1904 alirudishiwa uchifu wa Mbale, na 1906 akapelekwa Jinja kuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga, kazi aliyoifanya hadi 1913. Nyuma yake, Bukedi ikaendelea kuongozwa na mawakala wa Kiganda wengi wao wakiwa watu aliowaleta yeye. Mfumo wake ulibaki; aliyeondolewa ni yeye.

Alirudi Mbale akiwa mtu mwenye kinyongo. Alijiunga na dini ya Bamalaki, iliyokataa dawa za hospitali, na alipoamrishwa achanje ng'ombe wake akaingia katika mvutano mpya na maofisa. Mwaka 1919 alitahiriwa, akaanza kushika Sabato na sheria za Musa, na wafuasi wake wakawa Abayudaya, jumuiya ambayo ipo hadi leo. Wapo wanaosema alitafuta dini ambayo Mwingereza hana mkono ndani yake. Mimi siingilii moyo wa mtu, ila ratiba ya matukio inafikirisha.

Katika miaka hiyo rupia nayo ilikufa. Mwaka 1920 thamani yake ilipandishwa na kuwekwa shilingi 2 za Kiingereza, kutoka peni 16 za huko, ikabadilishwa kuwa florini, na muda mfupi baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi. Wenye madeni ya rupia waliumia, kwa kuwa deni lilikua usiku mmoja bila wao kukopa tena.

Kakungulu alistaafu uchifu mwaka 1923. Miaka yake ya mwisho ilijaa barua kwa serikali juu ya ardhi yake na ahadi alizosema zimevunjwa. Hakuna iliyomrudishia alichotaka. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Reli ya kutoka Tororo kwenda Soroti kupitia Mbale ilikamilika mwaka uliofuata.

Kodi aliyoianzisha iliishi muda mrefu kuliko yeye. Kibanda kikawa kichwa, kichwa kikawa kodi ya viwango iliyokadiriwa na machifu, na mwanamume bila tikiti yake akawa mtu wa kukimbia vizuizi vya barabarani. Januari 1960 watu wa Bukedi, Tororo ikiwemo, waliinuka kupinga makadirio hayo, wakachoma nyumba za machifu, na watu wakafa. Uganda ilisitisha kodi ya viwango mwaka 2005.

Kaburi la Kakungulu lipo Gangama, nje kidogo ya mji wa Mbale.