Grzimek: Mjerumani aliyeipigania Serengeti, akazikwa Ngorongoro

Na Mwandishi Wetu

KANDO ya barabara inayopita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kuelekea Serengeti, kuna kaburi la mawe ambalo waongoza watalii wengi hulisimamia kwa dakika chache. Wageni waliolala katika hoteli za kifahari za ukingoni hapo hushuka, hupiga picha, kisha huendelea na safari. Waliozikwa hapo ni baba na mwana, na si wengi wanaofahamu kwamba huyo baba alichangia sana kuwafanya watu wa Ulaya waanze kuja kwa wingi.

Profesa Bernhard Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909 katika mji wa Neisse, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland. Alisomea udaktari wa mifugo, na wakati wa utawala wa Wanazi alikuwa mtumishi katika Wizara ya Kilimo. Mwaka 1945, vita vilipomalizika, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imeharibiwa vibaya kwa mabomu. Aliifufua na kuiongoza hadi mwaka 1974.

Kuanzia mwaka 1956 alikuwa na kipindi chake cha televisheni kuhusu wanyama, kilichompa umaarufu mkubwa Ujerumani Magharibi. Mwaka huo huo yeye na mwanawe, Michael, walitoa filamu kuhusu wanyamapori wa Afrika. Fedha zilizopatikana walitaka zitumike kununua ardhi ya kupanua Hifadhi ya Serengeti. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Peter Molloy, aliwashauri wafanye jambo lingine: wawahesabu wanyama na kuchunguza njia wanazopita, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa ikijiandaa kubadili mipaka ya hifadhi.

Desemba 1957 baba na mwana waliondoka Ujerumani kwa ndege yao ndogo aina ya Dornier, iliyopakwa mistari ya pundamilia. Walihesabu wanyama zaidi ya 360,000, wakiwamo nyumbu karibu 99,000. Waligundua pia kuwa nyumbu walikuwa wakienda malishoni nje ya mipaka iliyopendekezwa. Hata hivyo, mwaka 1959 Ngorongoro na nyanda za mashariki zilitengwa na hifadhi.

Januari 10, 1959 Michael alikuwa akirusha ndege hiyo peke yake. Aligongana na tumbusi, ndege ikaanguka, naye akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta. Baba yake aliikamilisha filamu yao ya pili, iliyotangaza kwamba Serengeti haitakufa, na mwaka 1960 ilitunukiwa tuzo ya Oscar. Huko Banagi, ndani ya Serengeti, ilijengwa maabara ya utafiti yenye jina la Michael.

Grzimek aliamini kuwa mataifa machanga ya Afrika yasingeweza kulinda wanyama bila kupata kipato kutokana nao. Inasimuliwa kuwa aliwatangazia watazamaji wake safari za bei nafuu za Afrika Mashariki ambazo hakuna kampuni iliyokuwa ikiziuza. Maombi yalipomiminika, kampuni zililazimika kuzianzisha. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alijenga ukaribu na Mwalimu Julius Nyerere na kuendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya hifadhi.

Lakini simulizi hilo lina upande wa pili. Grzimek alipinga mifugo ya Wamaasai kuwamo hifadhini, na mwaka 1959 wafugaji waliondolewa Serengeti na kuelekezwa Ngorongoro, ambako waliahidiwa kuishi na ng'ombe wao. Wakosoaji wake wanasema aliwapenda wanyama kiasi cha kutowaona watu waliokuwa wakiishi nao. Historia nayo ina funzo lake: nyumbu walipoongezeka na kuzidi milioni moja katika miaka ya 1970, sababu kubwa ilikuwa kudhibitiwa kwa ugonjwa wa sotoka, kazi iliyofanyika kwa kuwachanja ng'ombe wa wafugaji.

Mjadala huo haujafungwa. Mwaka 2022 ulirejea kwa nguvu, pale familia za Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni.

Grzimek alifariki dunia Machi 13, 1987 mjini Frankfurt, akitazama maonyesho ya sarakasi. Majivu ya mwili wake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya mwanawe. Magari ya watalii hupita mbele yao kila siku, kama alivyotaka. Ng'ombe wa Wamaasai nao, ambao hakuwataka hifadhini, wameendelea kwa miongo mingi kuchunga majani katika nyanda zilizo chini ya ukingo huo.