Christopher Dawson: Mwanahistoria Aliyelikuta Kanisa Katika Historia ya Ulaya

Wako waseminari wanaofungua daftari la Historia ya Kanisa kwa uzito. Majina ya mapapa, miaka ya mitaguso, vita vya wafalme: mtihani ukipita, yote husahaulika. Christopher Dawson, mlei wa Uingereza, aliisoma historia hiyo hiyo chuoni, nayo ikabadili maisha yake yote.

Kuzaliwa na malezi

Dawson alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1889 katika mji mdogo wa Hay, huko Wales. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na mama yake alitoka katika familia ya makasisi wa Kianglikana. Angali mtoto, familia ilihamia Yorkshire, eneo lenye magofu mengi ya monasteri zilizofungwa enzi za mfalme Henri VIII. Hivyo alikua akiona kwa macho yake mabaki ya Uingereza iliyokuwa ya Kikatoliki.

Afya yake ilikuwa dhaifu, hasa kifua. Ilimbidi aache shule ya Winchester akasomeshwe na mwalimu binafsi. Katika miaka hiyo imani yake ilitetereka. Lakini ndipo pia alipompata rafiki wa maisha, Edward Watkin, ambaye baadaye alitangulia kujiunga na Kanisa Katoliki.

Oxford, Roma na Sweden

Mwaka 1908 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford, Trinity College, kusoma historia. Mwalimu wake alikuwa Ernest Barker, msomi mashuhuri wa mambo ya siasa. Mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka, akiwa na umri wa miaka 19, alisafiri kwenda Roma. Huko aliketi kwenye ngazi za kanisa la Ara Coeli, katika kilima cha Capitolio. Mahali hapo hapo, mwaka 1764, Edward Gibbon alipata wazo la kuandika historia ya kuanguka kwa Dola ya Roma, kazi iliyoutia Ukristo lawamani kwa anguko hilo. Kijana Dawson naye aliweka nia pale: ataandika historia ya tamaduni, na dini haitakuwa pembeni.

Alimaliza shahada mwaka 1911, bila kupata daraja la kwanza. Kisha akavuka bahari kwenda Sweden kusoma uchumi kwa Profesa Gustav Cassel, akarudi Oxford kuendelea na historia na elimu ya jamii. Uchumi ulimfundisha jinsi watu wanavyopata riziki, na elimu ya jamii jinsi wanavyoishi pamoja. Lakini swali lake lilibaki pale pale: ni nini kinachowapa watu roho moja?

Kuongoka

Jibu alilipata katika kusoma. Katika nyaraka za Mtakatifu Paulo na maandiko ya Mtakatifu Yohane aliona umoja wa mafundisho: Umwilisho, sakramenti, neema na Kanisa vinashikamana. Tarehe 5 Januari 1914 alipokewa katika Kanisa Katoliki, katika kanisa la Mtakatifu Aloysius, Oxford. Mama yake aliumia sana. Mwaka 1916 Dawson alimwoa Valery Mills, Mkatoliki, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi iliyochelewa kuonekana

Tangu ile nia ya Roma hadi kitabu chake cha kwanza, mwaka 1928, ilipita karibu miaka 20. Miaka hiyo yote alisoma na kuandika maelezo. Alifundisha kwa muda huko Exeter, lakini alipoomba nafasi ya uprofesa Leeds, mwaka 1933, hakuipata. Yeye mwenyewe aliamini kwamba Ukatoliki wake ulimponza.

Kitabu chake kinachojulikana zaidi, *The Making of Europe*, kilitoka mwaka 1932. Wengi waliziita karne za baada ya Roma kuwa za giza tupu. Dawson alionyesha kwamba humo ndimo Ulaya ilimozaliwa, kutokana na urithi wa dola ya Roma, elimu ya kale, Kanisa, na yale makabila yaliyoitwa ya kishenzi. Bizanti na Uislamu navyo aliviandikia kwa heshima, akikubali kwamba wakati ule Mashariki ilikuwa imeitangulia Magharibi. Hakuficha dhambi za Wakristo wala hakuipamba historia ili imtetee.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishirikiana na Kardinali Hinsley katika Sword of the Spirit, chama cha Wakatoliki waliopinga udikteta, na akahariri jarida la *Dublin Review*.

Uzee na kifo

Mwaka 1958, akikaribia miaka 70, aliitwa Harvard, Marekani, chuo kilichoanzishwa na Waprotestanti, kushika kiti kipya cha masomo ya Kikatoliki. Sauti yake ilikuwa ndogo na mwili umechoka, hata hivyo alifundisha hadi mwaka 1962, maradhi yalipomrudisha nyumbani. Alifariki tarehe 25 Mei 1970, huko Devon.

Anatuachia nini?

Ndugu msomaji, Dawson hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mume, baba na msomaji mwenye subira. Kwa mseminari, maisha yake yanaonyesha kwamba saa za maktaba zinaweza kuwa njia ya wito, hata matunda yakikawia. Kwa mwaumini wa parokia, yanatoa kazi ya kufanya: uliza kigango chako kilianzaje, makatekista wa kwanza walikuwa nani, na ni nini kilichobadilika katika maisha ya watu Injili ilipofika. Wazee wanaokumbuka bado wapo. Andika wanayosema kabla hawajatutoka.